Ahmad bin Majid, Nahodha wa Hesabu

Wanachama wenzangu, ukienda penye Nguzo ya Vasco da Gama hapa Malindi hukosi kusikia eti Ahmad bin Majid ndiye aliyempeleka Mreno yule Bara Hindi mwaka 1498. Wanahistoria wengi siku hizi wanalikataa hilo. Wanasema rubani yule alikuwa Mgujarati. Basi mimi namsifu bin Majid kwa jingine: hesabu ya wakati.

Alizaliwa Julfar, Ghuba ya Uajemi, katika karne ya 15. Baba na babu yake walikuwa manahodha. Mnamo 1490 alimaliza kitabu chake kikubwa cha ubaharia.

Je, alipimaje wakati? Mwendo wa chombo aliuhesabu kwa zam. Zam moja ni saa 3, hivyo usiku na mchana ni zam 8. Kimo cha nyota alikipima kwa vidole.

Misimu hakuihesabu kwa mwezi. Mwaka wa mwezi una siku 354, ndiyo maana Ramadhani hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka. Lakini kusi na kaskazi hazirudi nyuma ng'o! Yeye alihesabu siku 365 tangu Nairuzi. Nahodha akikosea hesabu, upepo humwacha, akakwama ng'ambo miezi kadhaa.

Wazee wetu wa pwani nao walihesabu vivyo hivyo: miongo 36 ya siku kumi kumi, na siku 5 za ziada. Wangapi kati yetu tunaijua? Tukawaulize wangali hai.