Aneurin Bevan, Mwana wa Mgodini

Wako wasemao kwamba nchi iliyochoshwa na vita yapasa kwanza itajirike, ndipo iwaangalie wagonjwa wake. Maisha ya Aneurin Bevan yawajibu.

Alizaliwa mwaka 1897 katika mji wa Tredegar, Wales, mwana wa mchimba makaa ya mawe. Naye aliingia mgodini angali na miaka 13. Mwaka 1925 baba yake alifariki, mapafu yameharibiwa na vumbi la makaa. Lakini mjini kwao wafanya kazi walikuwa na chama cha matibabu: kila mmoja alikatwa peni chache katika mshahara, na aliyeugua akatibiwa. Somo hilo Bevan hakulisahau.

Vita vilipokwisha mwaka 1945, Uingereza ilijaa magofu na madeni, na chakula kiligawiwa kwa kipimo. Serikali ya Chama cha Labour ikamkabidhi Bevan Wizara ya Afya, pamoja na kazi ya kujenga nyumba. Waganga wengi walimpinga. Ili awapate, iliwabidi mabingwa waachiwe ruhusa ya kutibu wenye fedha kwa malipo. Hata hivyo, tarehe 5 Julai, 1948, matibabu yakawa haki ya kila mtu, gharama ikitoka hasa katika kodi.

Mwaka 1951 serikali yake mwenyewe, ikitafuta fedha za silaha, iliamua kutoza watu kwa miwani na meno ya bandia. Bevan akajiuzulu. Alifariki mwaka 1960.

Ndugu msomaji, cheo alikiacha. Hospitali zingali wazi.