Ahmad bin Naaman na farasi wawili

Juzi nalikuwa Nairobi, Soko la Burma, nimekaa penye nyama ya kuchoma na mpwa wangu. Kijana huyu kazi yake ni kutunza farasi. Farasi anayemlea ameshinda mashindano, na sasa wote wawili watapigwa picha. Basi amenunua koti la mtumba, la kizungu, lenye vifungo vya shaba, akanitaka shauri: mjomba, nivae hili, au kanzu na kofia ya vito aliyonishonea mama? Kanzu aipenda, ila achelea wenziwe wasije wakamcheka.

Sikumjibu. Nalimpa habari za Ahmad bin Naaman.

Bwana huyu, mzaliwa wa Basra, alikuwa katibu na mwaminifu wa Seyyid Said bin Sultan wa Unguja. Mwaka 1833 Seyyid alikuwa amefunga mkataba wa biashara na Marekani, na majahazi ya Salem yakija Unguja na ile nguo tuliyoiita merikani, yakirudi na pembe. Mwaka 1840 Seyyid akaona naye apeleke chombo chake. Akampa Ahmad merikebu Sultana, ikapakiwa tende, karafuu, pembe na kahawa, pamoja na zawadi za Rais Martin Van Buren: lulu, marashi ya waridi, shali za Kashmiri, na farasi wawili wa Kiarabu. Hebu fikiri, msomaji, kuvusha farasi bahari hiyo yote, kwa tanga!

Wakatia nanga New York tarehe 30 Aprili. Watu wakajazana bandarini kuwatazama. Mtu wa moyo mdogo angalitafuta mshoni siku hiyo hiyo, apate suruali na koti, apite njiani bila kukodolewa macho. Ahmad alikaa mji ule zaidi ya miezi mitatu, na mchoraji Edward Mooney alipomkalisha kumchora, alikaa na kilemba chake na mavazi ya kwao. Alijua, naona mimi, kwamba aliyekaa pale si yeye peke yake. Ni bwana wake na nchi yake.

Farasi je? Sheria ya Marekani haimruhusu Rais kupokea zawadi ya mfalme mpaka Baraza lao likubali, nalo likakataa asizichukue kuwa zake. Farasi wakapigwa mnada, fedha zikaingia hazina. Walikotokomea baadaye si hadithi ya leo. Lakini sura ya Ahmad ingaliko mpaka leo katika jumba la makumbusho mjini Salem, kilemba kichwani.

Mpwa wangu akaniuliza kama farasi wamo katika picha ile. Nikamwambia hawamo. Akasikitika sana, kwa ajili ya farasi. Kisha akalikunja koti akalitia mfukoni, tukaagiza chai. Picha ni Jumamosi. Sikumwuliza atavaa nini.