Christophe: Mwendesha baiskeli aliyefua chuma ili amalize mbio

ALIPOANZA kuteremka Mlima Tourmalet, kusini-magharibi mwa Ufaransa, mnamo Julai 9, 1913, Eugène Christophe alikuwa na kila sababu ya kuamini kwamba mbio za Tour de France za mwaka huo zilikuwa zake. Bingwa mtetezi, Odile Defraye wa Ubelgiji, ambaye asubuhi hiyo alikuwa mbele yake kwa dakika chache tu, alikuwa ameachwa mbali milimani. Kisha, ghafla bin vuu, usukani ukakosa nguvu mikononi mwake. Foki ya baiskeli, yaani ule uma wa chuma unaolishika gurudumu la mbele, ilikuwa imevunjika.

Kwa waendesha baiskeli wa enzi hizo, kuharibikiwa njiani halikuwa jambo geni. Barabara za milimani zilikuwa za kokoto na vumbi, na pancha zilikuwa sehemu ya kazi ya kila siku. Ndiyo sababu kila mshindani alisafiri akiwa amejizungushia matairi ya akiba mabegani, na pampu akawa nayo. Tairi likipasuka, alishuka, akalibandua kwa mikono yake, akavalisha jingine na kuendelea na safari. Foki, hata hivyo, hakuna aliyeibeba begani.

Kanuni za mashindano nazo hazikuwa na huruma. Henri Desgrange, mhariri wa gazeti la L'Auto na mwasisi wa mbio hizo zilizoanza mwaka wa 1903, alishikilia kwamba mshindani apambane peke yake dhidi ya barabara na chombo chake. Aliyeharibikiwa hakuruhusiwa kubadilishiwa baiskeli wala kusaidiwa na yeyote kuitengeneza. Christophe alikuwa na njia mbili tu: kujiondoa mashindanoni, au kutafuta mahali pa kuitengeneza foki ile mwenyewe.

Eugène Christophe alizaliwa Januari 22, 1885, katika mji wa Malakoff, ulio kando ya jiji la Paris. Katika ujana wake alijifunza ufundi wa makufuli, kazi iliyompa mazoea ya tupa, nyundo na moto. Hakuna aliyejua wakati huo kwamba ujuzi huo ungekuja kumfaa mbali mno na karakana. Alianza kushiriki mbio za kulipwa mwaka wa 1904, na miaka miwili baadaye akashiriki Tour de France kwa mara ya kwanza na kumaliza katika nafasi ya tisa.

Sifa yake ya kwanza kubwa aliipata nje ya nchi yake. Mnamo Aprili 1910, mbio za Milan–San Remo nchini Italia zilikumbwa na theluji na baridi kali. Christophe alilemewa na baridi hiyo kiasi cha kulazimika kuingia katika nyumba ya wageni kandokando ya njia, akavuliwa nguo zilizolowa na kufunikwa blanketi hadi alipopata fahamu za viungo vyake. Kisha akatoka, akapanda tena baiskeli na kushinda. Kati ya washindani zaidi ya 60 walioanza, ni wachache mno waliofika mwisho. Ushindi huo ulimlaza hospitalini, na ilimchukua muda mrefu kurejelea hali yake ya kawaida.

Aidha, Christophe alikuwa gwiji wa mbio za baiskeli za nyikani, ambazo washindani hupita matopeni na vichakani, na mara nyingine hulazimika kushuka na kubeba baiskeli begani. Alikuwa bingwa wa Ufaransa katika mchezo huo mara saba, mara sita mfululizo kuanzia 1909 hadi 1914, na tena mwaka wa 1921. Kutembea na baiskeli mgongoni, basi, hakukuwa jambo jipya kwake.

Mwaka wa 1912 alishinda mikondo mitatu mfululizo ya Tour de France, ukiwemo mmoja ambao alikimbia peke yake kwa zaidi ya kilomita 300. Hata hivyo, bingwa wakati huo aliamuliwa kwa alama wala si kwa muda, na Christophe akamaliza wa pili nyuma ya Defraye. Mwaka uliofuata, waandalizi walirejesha utaratibu wa kujumlisha muda. Kwa mtu aliyekuwa na uwezo wa kuwaacha wenzake kwa masafa marefu, mabadiliko hayo yalikuwa kama mlango uliofunguliwa.

Mlango huo ndio uliofungwa pale Tourmalet. Mkondo wa siku hiyo ulikuwa wa kilomita 326 kutoka Bayonne hadi Luchon, na washindani walikuwa wameondoka saa tisa za usiku. Christophe alibeba baiskeli iliyovunjika na kuanza kushuka mlima kwa miguu, umbali wa zaidi ya kilomita 10, huku wale aliokuwa amewaacha nyuma wakimpita mmoja baada ya mwingine. Alipofika kijiji cha Sainte-Marie-de-Campan, alielekezwa kwenye karakana ya mhunzi.

Mhunzi alikuwa tayari kumsaidia, lakini waamuzi walikuwa wamesimama pale pale wakitazama, pamoja na wajumbe wa kampuni za baiskeli zilizoshindana na Peugeot, kampuni aliyoiwakilisha Christophe. Mwenye karakana hakuruhusiwa kugusa chochote. Alichoweza kutoa ni maelezo tu. Ikambidi Christophe awashe ari ya ufundi wake wa zamani: akakitia chuma motoni, akakifua, akakiunganisha, akakipima na kukirudia. Kazi hiyo ilihitaji mikono miwili kwenye chuma na mwingine kwenye mvukuto, naye hakuwa na mkono wa tatu. Mvulana mdogo aliyekuwapo akamvukutia moto.

Kwa kosa hilo, waamuzi walimwadhibu kwa kumwongezea dakika 10, adhabu ambayo baadaye ilipunguzwa hadi dakika tatu. Ilikuwa ni kama kumtoza ushuru mtu aliyekwisha kuunguliwa na nyumba. Baiskeli ilipopona, Christophe alipanda milima miwili iliyosalia, Aspin na Peyresourde, akafika Luchon karibu saa nne nzima baada ya mshindi wa mkondo huo, Mbelgiji Philippe Thys. Thys ndiye aliyetawazwa bingwa jijini Paris. Christophe, ambaye angeweza kukata tamaa na kurudi nyumbani kwa garimoshi, aliendelea hadi mwisho na kushika nafasi ya saba.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilisimamisha mashindano hayo kuanzia 1915 hadi 1918, na kuwaua mabingwa watatu wa awali: François Faber, Octave Lapize na Lucien Petit-Breton. Mbio ziliporejea mwaka wa 1919, barabara zilikuwa zimeharibika, matairi yalikuwa adimu, na ni washindani 11 pekee waliofika Paris. Christophe, akiwa na umri wa miaka 34, aliongoza kwa siku nyingi. Ni katika mashindano hayo ambapo waandalizi walimvisha kiongozi jezi ya manjano ili watazamaji wamtambue kwa urahisi, nalo gazeti la L'Auto lilichapishwa kwenye karatasi za rangi hiyo hiyo. Christophe ndiye mtu wa kwanza kuivaa, mjini Grenoble, Julai 19, 1919. Yeye mwenyewe hakuipenda sana, maana watazamaji walimfananisha na ndege chiriku.

Zikiwa zimesalia siku mbili tu za mashindano, akiongoza kwa takriban nusu saa, msiba ulimrudia. Katika mkondo wa kilomita 468 kutoka Metz hadi Dunkirk, foki yake ilivunjika tena karibu na Valenciennes, kwenye barabara ya mawe. Akaingia tena karakanani, akaitengeneza tena kwa mikono yake, na kupoteza zaidi ya saa moja. Jezi ya manjano ikaenda kwa Firmin Lambot wa Ubelgiji. Katika mkondo wa mwisho wa kuelekea Paris, kana kwamba bahati mbaya haikuwa imeshiba, alipata pancha nyingi na kuporomoka hadi nafasi ya tatu.

Wafaransa hawakulivumilia hilo kimya kimya. Gazeti la L'Auto lilianzisha mchango kwa ajili yake, na zikakusanywa zaidi ya faranga 13,000, kiasi kilichopita zawadi ya bingwa. Majina ya waliochanga, matajiri kwa maskini, yalijaza kurasa nyingi za gazeti hilo. Pesa hizo hazikubadilisha matokeo, lakini zilionyesha kwamba umma ulikuwa umeshatoa hukumu yake.

Mwaka wa 1920 alishinda mbio za Bordeaux–Paris na zile za Paris–Tours. Mnamo 1922, akiwa na miaka 37, alivaa tena jezi ya manjano. Alikuwa amekwisha kuipoteza wakati foki ilipomvunjikia kwa mara ya tatu, safari hii akiteremka Mlima Galibier. Alimaliza wa nane. Alishiriki Tour de France kwa mara ya mwisho mwaka wa 1925, akiwa na umri wa miaka 40, na hakuwahi kuitwaa.

Jina lake, hata hivyo, liliendelea kusafiri. Kwa miongo mingi lilipigwa chapa kwenye vishikizo na mikanda ya kufungia mguu kwenye pedali, vifaa vilivyotumiwa na waendesha baiskeli wa mataifa mengi, wengi wao wasijue aliyekuwa na jina hilo ni nani. Kanuni iliyomtesa nayo ililegezwa hatua kwa hatua, hadi mshindani akaruhusiwa kupokezwa gurudumu au baiskeli nzima na gari la timu yake.

Tofauti hiyo ilidhihirika Julai 14, 2016, katika Mlima Ventoux. Chris Froome, Mwingereza aliyezaliwa Nairobi na kunolewa na Mkenya David Kinjah, alikuwa amevaa jezi ya manjano wakati pikipiki iliyozuiwa na umati ilipomwangusha na baiskeli yake kuharibika. Naye, kama Christophe, alianza kwenda kwa miguu; alikimbia kupanda mlima hadi alipopewa baiskeli nyingine. Waamuzi waliamua asiupoteze uongozi kwa ajali hiyo, na siku chache baadaye akatawazwa bingwa. Yaliyomgharimu Christophe saa nne na taji, kwa Froome yalimalizika jioni ile ile.

Christophe aliaga dunia jijini Paris mnamo Februari 1, 1970, akiwa na umri wa miaka 85. Katika kijiji cha Sainte-Marie-de-Campan, bamba la ukumbusho liliwekwa mwaka wa 1951, yeye mwenyewe akiwa bado hai, ili kuonyesha mahali palipokuwa na karakana ile. Washindi wengi wa Tour de France hawana bamba popote mlimani. Asiyekubali kushindwa si mshindani, husema wahenga. Christophe alikubali kushindwa mara tatu, ila kila mara baada ya kuitengeneza baiskeli yake na kufika mwisho wa safari.