Christopher Strachey

Christopher Strachey (16 Novemba 1916 – 18 Mei 1975) alikuwa mwanasayansi wa kompyuta kutoka Uingereza. Anakumbukwa hasa kwa kufafanua maana ya lugha za programu, ikiwemo tofauti kati ya mahali data inapowekwa na data yenyewe.

Maisha

Alizaliwa Hampstead, London. Baba yake, Oliver, alikuwa mfumbuzi wa maandishi ya siri. Mama yake, Ray, alipigania haki ya wanawake kupiga kura. Mwandishi Lytton Strachey alikuwa baba yake mdogo. Alisoma katika King's College, Cambridge.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia alikuwa mwalimu wa shule. Alipokuwa akifundisha Harrow School alianza kuandika programu ya kucheza drafti. Mwaka 1952 programu hiyo iliweza kucheza mchezo mzima kwenye kompyuta ya Ferranti Mark 1 huko Manchester. Mwaka huohuo aliacha ualimu.

Baadaye alishiriki kuunda lugha ya CPL, ambayo kupitia lugha za BCPL na B ilichangia kuzaliwa kwa lugha ya C. Mwaka 1965 alianza kuongoza kikundi cha utafiti wa programu katika Chuo Kikuu cha Oxford, na mwaka 1971 akawa profesa.

Mahali na yaliyomo

Mwaka 1967 alitoa mihadhara mjini Copenhagen, Denmark. Alieleza kwamba katika amri ya kuweka thamani, jina lililo upande wa kushoto hutaka mahali katika kumbukumbu ya kompyuta, na lililo upande wa kulia hutaka yaliyomo. Alionyesha pia kwamba majina mawili yanaweza kushiriki mahali pamoja.

Jambo hilo huwatatiza wanaoanza kujifunza programu hadi leo. Kwa mfano, katika lugha ya Python:

alama = [45, 60, 72]
nyingine = alama
nyingine[1] = 65

Mwanafunzi hudhani ana orodha mbili, kumbe ni moja yenye majina mawili, kama mtoto mwenye jina la nyumbani na jina la shule. Kwa hiyo orodha "alama" nayo sasa ina 45, 65 na 72. Ile 60 ya awali imepotea bila kosa lolote kutangazwa. Ili kupata orodha ya pili anapaswa kuandika nyingine = alama.copy() kabla ya kubadilisha chochote. Hata hivyo, kama ndani ya orodha mna orodha nyingine, hizo za ndani zitaendelea kushirikiwa.

Kifo

Strachey alifariki Oxford kwa homa ya ini akiwa na umri wa miaka 58. Maandishi ya mihadhara ya Copenhagen yalisomwa na wataalamu wengi kwa kupitishiana nakala, na yalichapishwa rasmi mwaka 2000, miaka 25 baada ya kifo chake.