Abdus Salam na chembe yenye upande mmoja

Mimi ni kijana wa Kigwena, nasoma masomo ya Kiislamu, wala si mtu wa fizikia. Lakini maisha ya Abdus Salam yamenivuta kwa ajili ya hesabu moja.

Alizaliwa 1926, akakulia Jhang katika Punjab, akasoma mpaka Cambridge. Mwaka 1951 alirudi Lahore kufundisha. Huko hakuwa na mtu wa kujadiliana naye utafiti wake, na 1954 akarudi Uingereza.

Septemba 1956, usiku, alikuwa ndani ya ndege akitoka Marekani, hapati usingizi. Aliwaza juu ya nutrino, chembe ndogo mno isiyo na chaji. Chembe za namna hii zina spini, tuseme kama pia wanayochezea watoto. Ukiijua spini inaelekea wapi, kisha ukaipima kwa mwelekeo mwingine, huambiwi jibu moja la hakika. Unakokotoa kwanza amplitudo: kosaini ya nusu ya pembe iliyo kati ya mielekeo hiyo miwili. Ukiizidisha kwa yenyewe unapata uwezekano. Pembe ya nyuzi 90 inatoa nusu; nyuzi 180, sifuri. Nusu ya pembe, si pembe nzima! Hapo nilikaa siku kadhaa.

Salam aliona kwamba nutrino ikiwa haina masi, spini yake yaweza kubaki upande mmoja tu wa mwendo wake, na amplitudo ya upande wa pili ikawa sifuri. Basi kulia na kushoto si sawa katika maumbile. Wakubwa hawakupenda. Wolfgang Pauli, kutoka Zürich, alimpelekea ujumbe kwamba atafute jambo bora la kuwaza. Miezi michache baadaye, Januari 1957, jaribio la Bi Chien-Shiung Wu lilithibitisha tofauti hiyo. Nobel ya mwaka ule walipewa Lee na Yang, waliotangulia kuitilia shaka kanuni ya zamani. Yake ilikuja 1979.

Alikuwa Ahmadiyya. Itikadi yao wanazuoni wameizungumza, siifungui hapa. Bunge la Pakistan lilipowatoa katika Uislamu kisheria mwaka 1974, aliacha ushauri wa serikali. Alifariki 1996, akazikwa Rabwah, na neno Mwislamu likafutwa kwenye kaburi lake.

Upweke wa Lahore hakuusahau. Mwaka 1964 alianzisha kituo Trieste, Italia, ili wanafizikia wa nchi maskini wapate wenzao bila kuhama kwao moja kwa moja. Tangu 2018 kituo hicho kina taasisi yake ya Afrika Mashariki, hapo jirani, Kigali.