Robert Wangila: Bondia aliyewanyima majaji kazi

Ubishi wa ngumi hauishi kwenye vijiwe vya Moshi. Ukiuliza bondia gani alikuwa mgumu kupigika enzi zake, watu wanakimbilia Marekani: Muhammad Ali, Mike Tyson, basi. Lakini mmoja wa wanaostahili kutajwa alitoka hapo jirani tu, ng'ambo ya mpaka wa Holili. Ni Robert Wangila wa Kenya.

Tanzania nayo ina wake wa kujivunia. Mwaka 1970 Titus Simba alifika fainali ya uzito wa kati kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh, akarudi na fedha. Aliyemshinda ni John Conteh wa Uingereza, ambaye mwaka 1974 alikuja kuwa bingwa wa dunia wa WBC. Kwa hiyo Simba hakupigwa na mtu wa mchezo mchezo.

Wangila alipita hapo, akaleta dhahabu ya Olimpiki.

Ukuta wa fedha

Alizaliwa Nairobi tarehe 3 Septemba 1967. Wakati anakua, Afrika Mashariki ilikuwa na mabondia wakali, ila dhahabu ya Olimpiki iliwapiga chenga wote. Mkenya Philip Waruinge alipata shaba Mexico 1968, na huko huko akatangazwa bondia bora wa mashindano yote. Mwaka 1972 akarudi kuitafuta dhahabu, akaishia fedha.

Waganda nao ni hivyo hivyo. Eridadi Mukwanga fedha 1968, Leo Rwabwogo fedha 1972, John Mugabi fedha 1980. Kila aliyefika fainali alirudi na medali ya rangi ile ile.

Seoul 1988

Wangila alikwenda Korea Kusini na timu ya taifa ya Kenya, maarufu kama Hit Squad. Alipigana uzito wa welta, mwisho kilo 67. Ana miaka 21 tu.

Kwenye nusu fainali, Jan Dydak wa Poland hakupanda ulingoni, Mkenya akapita. Wabishi wanaweza kusema hiyo ni bahati. Sawa, lakini fainali haikuwa ya bahati. Mfaransa Laurent Boudouani alikuwa ametoka kumtoa Kenneth Gould wa Marekani, bingwa wa dunia wa ngumi za ridhaa wa 1986.

Wangila alimmaliza Boudouani raundi ya 2 kwa KO. Akawa bondia mweusi wa kwanza kutoka Afrika kutwaa dhahabu ya Olimpiki.

Uzito wa ushindi ule unaonekana ukikumbuka Seoul ilikuwa Seoul gani. Ni mashindano yale yale ambapo Roy Jones wa Marekani alimchapa mwenyeji Park Si-hun mbele ya dunia nzima, halafu majaji wakampa Park dhahabu. Wangila hakuwaachia majaji nafasi ya kuamua lolote.

Na Boudouani hakuwa bondia wa kubahatisha. Mwaka 1996 alitwaa ubingwa wa dunia wa WBA, akaushikilia mpaka 1999.

Ngumi za kulipwa

Baada ya dhahabu, Wangila aliingia ngumi za kulipwa Marekani. Huko ni mchezo mwingine. Seoul pambano lilikuwa raundi 3 za dakika 3, kichwa kikiwa na kinga. Kwenye kulipwa kinga hakuna, na raundi zinafika 10 au 12. Anayepiga kwa nguvu zote tangu mwanzo anatakiwa awe na akiba ya mwisho, na pia ajue kukwepa, maana kila konde analokula linajumlishwa.

Alishinda mengi, akapoteza mengine. Ubingwa wa dunia haukuja.

Julai 22, 1994 alipanda ulingoni Las Vegas dhidi ya David Gonzales. Alikula makonde mengi, na raundi ya 9 refa akasimamisha pambano. Wangila hakukubali. Alilalamika, akitaka aachwe aendelee. Baadaye akiwa chumba cha kubadilishia nguo alipoteza fahamu, na hakuzinduka tena. Alifariki Julai 24, akiwa na miaka 26.

Mgumu kiasi gani?

Anayesema Wangila hakuwa mgumu kupigika ataonyesha vipigo alivyopata kwenye kulipwa, na havifutiki. Ila swali ni la enzi zake, na enzi zake zilikuwa 1988. Ndani ya raundi 3, mwaka ule, hakuna mtu wa uzito wake aliyemweza.

Ubishi wa vijiweni mara nyingi hupima ugumu kwa kukataa kusimamishwa. Wangila alikuwa nao huo ugumu mpaka dakika ya mwisho, ila mwili wake ulikuwa umeshafika kikomo kabla refa hajaingilia kati. Ndiyo maana refa yupo: bondia mgumu ni wa mwisho kujua kwamba amepigwa vya kutosha.

Mpaka Olimpiki ya Paris 2024 inamalizika, dhahabu yake ndiyo pekee ambayo Kenya imepata nje ya riadha.