Charles Darwin na minyoo ya udongo

Charles Darwin tunamjua juu ya mambo ya viumbe kubadilika. Lakini kuna kazi ingine ilimshika zaidi ya miaka 40: minyoo ya udongo, ile tunakutana nayo tukilima.

Alizaliwa Uingereza mwaka 1809. Aliporudi kutoka safari ndefu ya meli mwaka 1836, mjomba wake alimwonyesha malisho ambako chokaa iliyomwagwa zamani juu ya majani ilikuwa imeshafunikwa na udongo. Mnyoo unakula udongo kule chini, unakuja kuutoa juu. Ndiyo vile vichungu vidogo tunaona asubuhi, vyenye kuwakasirisha wenye bustani za majani.

Wengine walibisha: kamdudu kadogo vile, bila nguvu? Darwin alijibu kwa uvumilivu. Mwaka 1842, kwake Downe, alimwaga vipande vya chaki shambani, akangoja. Miaka 29! Walipochimba mwaka 1871, chaki ilikuwa sentimita 18 chini.

Katika uzee wake, na ugonjwa juu yake, aliifuga ndani ya vyungu nyumbani. Kelele ya filimbi kubwa haikuishtua. Lakini chungu kikiwekwa juu ya piano, noti moja tu, inakimbilia shimoni: masikio haina, mtikisiko inausikia.

Kitabu chake juu ya minyoo kilitoka Oktoba 1881. Alihesabu kwamba sehemu nyingi za Uingereza, minyoo inapandisha kama tani 25 za udongo kwa hektari kila mwaka. Alikufa Aprili 1882. Alitazamia kulala katika udongo wa Downe; wakamzika London, ndani ya kanisa la Westminster Abbey.